Boliti Fupi

Nilienda kwenye mazishi ya Rotich kwa sababu moja tu: nilitaka kuona kwa macho yangu udongo ukifunika sanduku. Niliamka mapema, nikavaa gauni langu la kijani, la sherehe, nikasafiri hadi Bomet, na kule nyumbani kwake nikakaa mstari wa tatu chini ya hema, mahali ambapo mtu haonekani sana lakini anasikia kila kitu. Wali ulikuwa mzuri na nyama haikuwa haba. Nilikula sahani mbili. Mshereheshaji alisoma wasifu wa marehemu, kwamba alikuwa mtu wa watu, mkweli, aliyewaletea wakulima matrekta ya kisasa wakati wengine wakilima kwa ng'ombe. Nikajifunika mdomo kwa leso. Mama aliyekaa kando yangu alidhani nalia, akanishika bega. "Pole sana, dada. Alikuwa mtu wenu?" Nikamwambia tulifanya kazi pamoja, mwaka mmoja tu. Alitaka kuuliza zaidi lakini kwaya ikaanza kuimba.

Mwaka huo mmoja nimeubeba hadi leo, na mvi hizi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha ufundi wa mitambo ambacho mwenye nyumba wangu alidhani ni cha ushonaji. Ya kwetu nyumbani nayaacha, hayahusiki. Nilipangisha chumba nyuma ya hoteli moja mjini Kericho, na ukuta mmoja wa chumba hicho ndio uliokuwa ukuta wa jiko, kwa hiyo nguo zangu zote zilinukia chapati na kitanda kilikuwa na joto hata mvua iliponyesha, na mvua ya Kericho ilinyesha karibu kila alasiri. Kazi yangu ilikuwa katika yadi ya kampuni moja ya kuuza matrekta. Sitaitaja, ilishakufa, na sipendi kuipa heshima ya jina. Matrekta yalikuja kutoka ng'ambo ndani ya makreti, yakiwa nusunusu, magurudumu huku na kichwa kule, nasi tuliyaunganisha, tukayatia mafuta, tukajaza fomu ya ukaguzi na kuweka sahihi. Yalikuwa mekundu, yanang'aa. Wiki ya kwanza niliyaonea fahari kana kwamba niliyazaa mimi. Wiki ya pili nilianza kuona. Rangi ilipakwa juu ya kutu. Ndani ya gia tulikuta mchanga. Mabomba ya haidroliki yalivuja kabla hata trekta haijavuta kitu. Kuna moja lilikuja kiti chake kikiwa kimechomelewa kinyume, kinatazama nyuma, na karatasi ya kiwandani imebandikwa juu yake kusema kimekaguliwa.

Aliyenifundisha kuona alikuwa Fundi Mokaya. Alitoka upande wa Wakisii, karibu na Chepilat, mtu mrefu, mpole, Msabato wa kweli, asiyekunywa hata chai ya rangi. Watu wengine pale yadini walinitania kwamba nitashikaje spana na kucha. Yeye alinipa spana. Alinifundisha kuifuta rangi kwenye kila kichwa cha boliti kwa kucha hizo hizo, kwa sababu alisema rangi ndiyo mahali pa kwanza pa kufichia uvivu. Saa saba tulikula pamoja kwenye hoteli iliyokuwa mbele ya chumba changu, ugali na mboga za kienyeji, naye akatoa ndizi kutoka mfukoni, akaikata katikati, nusu yake na nusu yangu. Hakuna siku aliyonidharau. Niliwahi kumwuliza kwa nini anajisumbua kukaza upya kitu ambacho kiwanda kimeshakaza. Akasema, "Kwa sababu huyu mtu atapeleka mtoto wake shule akiwa amekaa juu ya hii kitu."

Sasa niseme habari za Rotich mwenyewe. Alikuwa meneja, mnene kidogo, suti ya kijivu, sauti ya mtu anayesoma neno kanisani. Na alikuwa na akili, sikatai, akili ya kuumiza. Kwetu, mtu akipata kitu kikubwa, nyumba au ng'ombe wa kisasa au gari, hukiombea. Mchungaji hufika, na mama mkongwe huleta kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akayarusha kidogo kwa manyasi, na kitu kikavishwa mmea wa sinendet, ule wa kutambaa wanaovishwa washindi. Zamani hayo yalifanyika nyumbani kwa mwenye kitu, baada ya kuona kwamba kinafanya kazi. Rotich aliyahamishia yadini, Jumamosi, kabla trekta haijatoka lango. Akamleta Kogo Tapsubei, bibi kizee aliyeheshimiwa kilima chote kile, kila Jumamosi, kwa gari lake. Kogo alikuwa na desturi ya kuuliza kwanza, "Kuna mtu ana neno juu ya hii kitu, kabla sijaipatia maziwa?" Hakuna aliyejibu. Nani angejibu? Na baada ya hapo, trekta ikiharibika, nani angeisema vibaya kitu kilichoombewa na kupewa maziwa? Ofisi ya Rotich ilitenganishwa na stoo kwa plaiwudi, nami nilikuwa stoo siku nilipomsikia akimwambia karani wa vipuri, akicheka kidogo, "Hawa wakishaombea, hawarudi. Na wakirudi, wanarudi wakiwa na aibu."

Ilikuwa kweli. Mzee arap Soi wa Silibwet alirudi mara mbili. Trekta yake ilikuwa inayumba kichwa. Ukishika mteremko na trela ya majani ya chai, magurudumu ya mbele yanacheza. Mara ya kwanza Rotich alimkaribisha ofisini, akampa chai, akamwuliza kwa upole, "Mzee, nyumbani mko sawa? Hakuna mtu amekosana na mwingine?" Arap Soi alikuwa na ugomvi wa mpaka na ndugu yake, kama nusu ya wanaume wa Bomet. Akarudi nyumbani, na badala ya kudai ekseli walikaa wiki mbili wakipatanisha ndugu. Walichinja mbuzi, wakaiombea trekta tena. Mpaka ulipimwa upya. Alipokuja mara ya pili alimleta na huyo ndugu, wameshikana mikono, waonyeshe kwamba nyumba ni safi, na trekta bado inayumba. Rotich akawaambia wamtafute na mama mzazi, pengine kuna neno moyoni mwake. Nilikuwa hapo nje nikipaka grisi, nikawaona wazee wawili wakiondoka wakijadiliana ni neno gani mama yao angekuwa nalo, na mama yao alikuwa amekufa. Hata leo nikikumbuka mikono yao iliyoshikana, damu inanichemka.

Jumatatu iliyofuata Mokaya alikuwa akiunganisha trekta nyingine ya shehena hiyo hiyo. Ekseli ya mbele inashikiliwa na boliti nne chini ya injini. Alizikaza, hakuridhika, akafungua moja na kuitoa. Akaniita. Akaiweka kwenye kiganja changu kando ya kidole changu cha kati. "Inatakiwa iwe hivi," akasema, akionyesha kidole kizima. Ilikuwa fupi kama kidole gumba. Ilishika uzi mara tatu tu ndani ya tundu, na juu yake rangi nyekundu, safi. Tukafungua matrekta yote yaliyokuwa yadini. Boliti fupi, boliti fupi, boliti fupi. Mokaya alinawa mikono, akaenda ofisini, nami nikaingia stoo kwa makusudi nisikie. Alimwambia Rotich kwamba boliti ndefu zinauzwa pale duka la vyuma, wanaweza kuzibadilisha kabla ya chakula cha mchana, na arap Soi aitwe leo, leo hii, aambiwe asishuke na trela. Rotich akasema, "Fundi, nikibadilisha, ni kama nimekubali. Ng'ambo wataniuliza. Wacha zije kwa meli." Mokaya akasema, "Na yule mzee?" Rotich akasema, "Yule ameombewa mara mbili."

Jumatano trekta ya arap Soi ilishuka na majani kuelekea kituo cha kununulia chai, ekseli ikachomoka, kichwa kikachimba chini na trela ikaja juu. Walimkata mguu chini ya goti. Siku mbili baadaye nilienda kumwona hospitalini na maziwa ya kuchemsha kwenye thermosi, akanishukuru, akaniambia kwa sauti ya kujilaumu, "Tuliomba vibaya, mtoto wangu. Kuna kitu tulisahau." Nilikuwa na boliti ile mfukoni mwa koti langu na sikuitoa.

Sikuitoa kwa sababu asubuhi hiyo nilikuwa nimeshasaini. Hapa ndipo ninaposimama kila nikisimulia, na wanangu hudhani nimesahau kinachofuata. Rotich aliniita ofisini, akafunga mlango, akaweka karatasi mezani. Ilisema kwamba trekta ya arap Soi ilikazwa na Mokaya peke yake, kwamba alikuwa amelewa, na kwamba mimi nilishuhudia. Trekta hiyo ilikazwa Jumamosi, siku ile ile ilipotoka lango! Mokaya Jumamosi alikuwa kanisani, kila Jumamosi ya maisha yake. Aliyeikaza na kuisaini fomu Jumamosi hiyo ni mimi, nikifuata alichoniambia Rotich, kwamba kiwanda kimeshapima. Rotich alijua. Alisema polepole, "Chepkemoi, huyu mzee amepoteza mguu. Lazima kuwe na mtu. Ni yeye ama ni wewe." Nikasaini. Mokaya alifukuzwa saa nane, mbele ya wote, mtu asiyeijua ladha ya pombe anaitwa mlevi langoni. Alipita kando yangu na mfuko wake wa spana, akatoka. Siku iliyofuata nilipewa nafasi yake.

Kuanzia hapo nilimchukia Rotich kwa bidii. Sijui neno lingine. Wengine huchukia wanapokumbuka; mimi nilichukia kwa ratiba, asubuhi nikivaa ovaroli, mchana nikila ugali wangu peke yangu, jioni nikisikiliza mafuta yakichemka upande wa pili wa ukuta. Sikutaka afukuzwe tu. Nilitaka aaibike kwa kitu kile kile alichokuwa akikitumia, mbele ya watu wale wale. Nikaenda kwa Kogo Tapsubei. Nilimkuta akisugua kibuyu kwa mkaa, nikamweleza yote, hadi karatasi. "Kwa hivyo ni mdomo yangu amekuwa akitumia," akasema, bado akisugua. Nikamwomba asije tena. Akatikisa kichwa. "Nikikosa kuja atatafuta mwingine. Wewe usiniambie hii maneno pembeni kama mwizi. Mimi huuliza kila Jumamosi kama kuna mtu ana neno. Jibu hapo."

Jumamosi kubwa ilikuwa wiki tatu mbele. Chama cha wakulima kilikuwa kinapokea matrekta manne kwa mpigo, wageni wangejaa yadi, Rotich alishaanza kukodi hema. Ningeweza kusema Jumamosi iliyokuwa karibu. Ilikuwa na mteja mmoja tu, Mama Chelimo, mjane wa karibu na Kedowa, na mwanawe aliyekuja kuiendesha trekta nyumbani. Nilitazama: watu saba, hakuna kiongozi hata mmoja, aibu ndogo. Kogo aliuliza swali lake akinitazama usoni. Nikatazama viatu vyangu. Ningeweza pia kuvuka barabara, nikanunua boliti nne ndefu na kuzifunga mwenyewe nisiulizwe na mtu. Sikununua. Nilihitaji ubaya wa Rotich ubaki mzima hadi siku yake. Nikasaini fomu ya Mama Chelimo, na trekta ikatoka na sinendet yake shingoni.

Siku yenyewe ilipofika, nakiri, ilikuwa tamu. Mvua ilijizuia. Matrekta manne mstari mmoja, mchungaji na wazee wa chama wakiwa mbele, Rotich katika suti mpya. Kogo akainua kibuyu. "Kuna mtu ana neno juu ya hii kitu, kabla sijaipatia maziwa?"

"Mimi niko nalo," nikasema.

Nilikuwa na spana mkononi tayari. Nikalala chini ya trekta ya kwanza na nguo zangu za Jumamosi, nikafungua boliti nne, nikatoka, nikaziweka moja moja juu ya kitambaa cheupe cha meza ya mchungaji, kisha nikaweka kando yake moja niliyonunua duka la vyuma. Sikuhitaji kueleza sana. Wakulima wanajua boliti. Nikasema habari ya arap Soi, nikasema Mokaya alikuwa kanisani na mimi nilisaini uongo. Rotich akacheka, akasema msichana huyu amechanganyikiwa, matrekta ni imara, kila moja limekaguliwa ng'ambo.

"Ni mzuri?" Kogo akamwuliza.

"Ni mzuri kabisa, Kogo."

"Basi panda hiyo ya pili. Trela iko na mbolea. Shuka nayo mpaka mtoni urudi, halafu nitaipa maziwa."

Nyuma ya yadi barabara inashuka katikati ya chai, kali, hadi kwenye daraja. Watu wote waligeuka kuitazama, halafu wakamgeukia yeye. Rotich akasema ana suti. Mzee mmoja wa chama akavua koti lake la mvua akampa. Akasema leseni yake ni ya gari dogo. "Panda, meneja," nikamwambia, na nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alitembea hadi kwenye trekta, akaweka mkono kwenye usukani na mguu kwenye ngazi, na hapo mguu ukakataa. Tuliuona ukikataa. Akashusha mguu, na Kogo akarudisha kifuniko kwenye kibuyu chake, akasema anaomba mtu wa kumpeleka nyumbani. Hakuna aliyepiga kelele. Wazee wa chama waliondoka mmoja mmoja bila kumsalimia, na katika nchi yetu hilo linamtosha mtu. Mwezi haukuisha kabla hajaondoka Kericho. Nimeula utamu wa siku hiyo kwa miaka mingi, na kule mazishini niliula tena pamoja na wali.

Jumapili, alfajiri, nilikwenda Chepilat. Nilitaka Mokaya ayasikie kutoka kinywani mwangu. Nilimkuta jikoni kwa mkewe akimenya viazi, akanipa kigoda, mkewe akanipa uji, na nikasimulia yote tangu mwanzo, kibuyu, kitambaa cheupe, mguu uliokataa. Nilicheka nikisimulia. Yeye hakucheka. Nilimwomba msamaha wa karatasi, akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea salamu. Kisha akauliza, "Ulingoja wiki ngapi?"

"Tatu, Fundi."

"Hizo wiki tatu, trekta ngapi ilitoka?"

"Moja."

"Nani alisaini?"

Mkewe aliacha kukoroga. Mokaya aliweka kisu chini, akanawa mikono, akaenda ndani kuleta mfuko wake wa spana.

Tulinunua boliti njiani kwa mtu aliyetufungulia duka baada ya ibada. Tulifika kwa Mama Chelimo mchana, tukamkuta mwanawe akifunga trela nyuma ya trekta, magunia ya viazi yakiwa juu tayari, na nyumba yao iko juu ya mteremko, shamba liko chini. Nikamkimbilia nikimwambia asiwashe. Mama Chelimo akatoka. Habari za yadini zilikuwa zimemfikia, lakini nusu. Alikuwa amesikia kwamba kuna msichana alitia fitina matrekta ya watu. "Hii yangu imefanya kazi wiki tatu," akasema. "Iliombewa. Sitaki mtu aiguse."

Nikamwambia boliti ni fupi. Nikamwambia nilijua.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ulipoichukua."

Aliingia nyumbani. Nilidhani amekwenda kuita watu. Alirudi na fomu yangu ya ukaguzi, ameikunja vizuri ndani ya karatasi ya plastiki, akaikunjua mbele yangu. "Hii ni jina yako?"

"Ni yangu."

"Umeandika iko sawa." Aliniangalia kwa utulivu, bila ukali wowote, na ningependa angenipiga. "Kijana yangu ameshuka hapa na hii kitu kila siku. Kila siku, na mimi nikimwangalia kutoka hapa mlangoni. Sasa panda wewe. Shuka nayo mpaka kwa mfereji urudi. Mara moja tu."

Mwanawe aliacha trela na kunipisha. Ufunguo ulikuwa mahali pake. Nilitazama mteremko, nikatazama magunia, nikaweka mkono kwenye usukani na mguu kwenye ngazi, na nikasimama hapo hivyo, muda mrefu, wote wakiningoja.

Sikupanda.

Mokaya hakunitazama. Alifungua mfuko wake, akalala chali chini ya ekseli, akanyoosha mkono nje apewe spana, na Mama Chelimo ndiye aliyempa.